Utani Mbele ya Kisikizi

Barua ilisema kwamba nimetukanwa mara mia tatu na kumi na mbili, na kwamba kampuni inanipa pole.

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya rasilimali watu, gundi imenikaukia vidoleni. Mimi Sevelina Kihwele, mwendesha presi namba nne, nimetukanwa kwa misingi ya kabila langu katika kipindi cha miezi kumi na miwili, na mtukanaji ni Oswin Mbano, mwenzangu wa presi. Kwa sababu hiyo Oswin Mbano amesimamishwa kazi kuanzia asubuhi hiyo, na shauri la kumfukuza litasikilizwa na Baraza la Kazi baada ya siku kumi na nne.

"Keti, dada Sevelina," alisema Bwana Rweyongeza, afisa rasilimali watu, kijana mpole mwenye sauti ya mtu anayekwenda kutoa salamu za rambirambi. "Pole sana kwa yote."

"Pole ya nini? Oswin ni mtani wangu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe. Mababu walipigana, sisi tunataniana. Hilo nalo linahitaji barua?"

"Utani naujua, dada. Hata kwetu upo." Akanigeuzia kioo cha meza yake. Mistari ilishuka kama orodha ya mahudhurio shuleni: tarehe, saa, maneno. Mtumwa wangu. Mateka wangu. Nilikukamata ukikimbia na sufuria kichwani. Nilitaka kucheka, nikajizuia. "Mistari mia tatu na kumi na mmoja nakubaliana nawe," aliendelea. "Bangili yako ya kazini, ile inayopima mapigo, inaonyesha moyo umetulia, na mara nyingi ulicheka. Lakini huu je?"

Mstari mmoja ulikuwa mwekundu. Tarehe tisa Juni, saa moja na dakika hamsini asubuhi. Maneno ya Oswin: "Hata ukilia, mateka harudishwi kwao." Mapigo ya moyo wangu yalipanda kutoka sabini na sita hadi mia moja thelathini na moja, yakakaa huko kwa dakika kumi na tisa.

"Hapa nako ulicheka?" aliuliza.

Siku ile naikumbuka kuliko siku yangu ya harusi.

"Kwa lugha ya sheria wewe sasa ni mlindwa," alisema, akirudisha kioo upande wake. "Mtu anayekingwa. Huhitaji kutia sahihi wala kuja barazani. Ukinyamaza tu, kumbukumbu za Kisikizi kilicho juu ya presi yenu zitasema kwa niaba yako."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kuchoma. Kunyamaza sijawahi kuweza. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga.

*

Naomba nieleweke: Visikizi sikuvichukia. Watoto wa siku hizi hawajui kazi ilikuwaje kabla ya sheria ile. Nilipofika kiwanda hiki cha Makambako nikiwa na miaka ishirini na sita, msimamizi wa presi alikuwa akisema waziwazi kwamba mwanamke mwenye tumbo la kuzaa hawekwi kwenye mashine, maana utamfundisha leo, kesho anaomba likizo ya uzazi. Alikuwa akiwauliza wasichana walioomba kazi lini waliona siku zao. Sheria ya kumkataza ilikuwepo miaka mingi, imeandikwa vizuri, imepigwa muhuri. Ushahidi ndio haukuwepo. Ulikuwa neno lako na neno lake, na lake lilikuwa na ofisi.

Ndipo Bunge likatunga Sheria ya Visikizi. Kila mahali penye waajiriwa zaidi ya ishirini pakatundikwa kile kidude cheupe, kikubwa kama sahani ya chai, chenye taa mbele. Kikisikia swali lililokatazwa, au tusi la kabila, la dini, la ulemavu, la ujauzito, taa inawaka nyekundu na mstari unaandikwa. Maneno mengine yote hufutwa baada ya dakika moja, ili mwajiri asitusikilize umbea wetu. Kinachobaki ni muda tu: nani alisema, nani alijibu au alicheka, na baada ya sekunde ngapi. Mwezi wa tatu tangu kitundikwe, yule msimamizi aliondoka, na mwezi wa nne mimi nikapewa presi. Kwa hiyo mkate wangu umetoka kwenye kidude kile. Nakisema ubaya nikijua hilo.

Presi namba nne hukandamiza mbao za misindano zilizopakwa gundi, zikawa boriti moja ndefu ya kujengea madaraja. Huendeshwa na watu wawili, mmoja kila upande, na katikati ukuta wa vyuma unaokuzuia kumwona mwenzako zaidi ya paji la uso na mikono. Kabla bamba la presi halijashuka lazima kila mmoja ajue mwenzake katoa mikono. Kitabu cha usalama kinataka useme "tayari" na ujibiwe "tayari." Lakini neno unalolisema mara mia nne kwa siku hufa mdomoni. Unalijibu huku akili iko nyumbani, mkono bado uko chini ya bamba. Edgar wa presi namba mbili alipoteza vidole viwili kwa mtindo huo, na alikuwa amejibu tayari.

Mimi na Oswin tulitumia matani. Yeye alirusha, mimi nikarudisha, na lazima jibu lioane na alichorusha. Mtu ambaye akili yake haipo hawezi kutaniana.

"Mtumwa wangu, umeamka?"

"Nimeamka kabla yako. Nyie mlitoka kusini mkitafuta vita, mkaishia kutafuta ugali."

Bamba linashuka. Miaka tisa, vidole ishirini, vyote vipo. Juu yetu taa ilikuwa ikiwaka nyekundu karibu kila siku, pale utani ulipogusa kabila, na tulikwisha kuizoea kama taa ya jikoni.

*

Tarehe tisa Juni mama yangu alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Ifunda. Kaka yangu alinipigia nikiwa getini. Niliingia kiwandani kwa sababu miguu ilikuwa imezoea kuingia, nikasimama kwenye presi, na Oswin akarusha la kwanza. Sikumrudishia. Nilisema, kwa sauti ile ile ya kushinda mashine, "Oswin, mama amefariki. Amefariki leo alfajiri."

Akasema, kwa furaha yake ya kila siku, "Hata ukilia, mateka harudishwi kwao." Na mikono yake ikainuka juu, ishara kwamba yuko tayari, bamba lishuke.

Maneno hayo alikwisha kuyasema mara arobaini mwaka ule. Siku ile yaliniingia kama kisu. Mtani anaruhusiwa kutania msiba, ndiyo kazi yake, lakini kwanza anakushika mkono, kwanza anakuuliza lini na wapi. Mbano hakuuliza chochote. Nilisimama nikiwaza ni mtu gani huyu niliyemkabidhi vidole vyangu miaka tisa. Kisha nikaliona paji lake la uso likiwa limekunjana, likisubiri jibu langu kama mtu anayesubiri mtoto avuke barabara. Nikatoa mikono, nikazunguka ukuta wa vyuma hadi upande wake, nikasimama mbele yake na kusema tena, "Mama amefariki." Alinitazama mdomo. Nikaona uso wake ukibomoka.

Tuliongea kwenye mabomba ya kunawia mikono, ambako hakuna Kisikizi.

"Sikio la kushoto lilikufa mwaka juzi," alisema. "La kulia linafuata. Nilikuwa nakukisia, mtani. Najua matani yako yote, nakuangalia paji la uso na mikono, nakisia. Nisamehe. Nisamehe kwa mama."

"Wameshajua ofisini?"

"Hawajui, na hawatajua. Baba yangu alikuwa kwenye mashine ya kusaga pale Peramiho. Masikio yalipokwisha walimpa mfuko wa unga wakamwambia akapumzike. Alipumzika kwenye baraza ya nyumba miaka ishirini na mbili. Watu walikuwa wakipita wanamsengenya mbele ya uso wake, naye anatabasamu, anadhani wanamsalimia." Alinishika mkono uliolowa. "Niapie. Wewe ni mtani wangu, siri yangu unaizika wewe."

Nikamwapia. Siku mbili baadaye alikuja Ifunda. Wakati jeneza linaletwa alishuka kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, akasema mwanamke huyu alikuwa na deni la kumpikia na haendi popote. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakalia. Alipotoka na udongo mgongoni nilikwisha kumsamehe. Tangu siku ile kila alipokuwa hana hakika nami nilinyoosha vidole vyote kumi juu ya ukuta ili avihesabu. Nilijua ni hatari. Nilijua vilevile kwamba mwenye kuumia nikikosea ni mimi au ni yeye, na niliiendea kazi hivyo kwa miezi minne.

*

Jumapili baada ya misa tulikaa sebuleni kwa Oswin pamoja na Wakili Hidaya Mshangama, ambaye chama cha wafanyakazi kilimtuma kumtetea. Mwanamke mfupi, ana mafaili ya karatasi katika zama hizi, na anakunywa chai akiwa amekaza macho kwako. Aliketi moja kwa moja mbele ya Oswin, akaongea taratibu. Nilidhani ni adabu tu.

"Sikilizeni ilivyo," alisema. "Katika shauri la ubaguzi mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Sisi tukionyesha tu kwamba huenda mtu ameondolewa kwa sababu isiyo halali, mwajiri ndiye anapaswa kuthibitisha kwamba sababu yake ni ya kweli. Sasa mimi hii sababu ya tusi naona haikai sawa. Taa imewaka juu yenu miaka tisa. Mbona barua imekuja mwaka huu? Mtu akikaa na sababu miaka tisa asiitumie, halafu akaitumia ghafla, hiyo kwetu inaitwa kisingizio. Kuna jambo nyuma yake. Mzee Mbano, ni jambo gani?"

"Hakuna," alisema Oswin.

"Ugonjwa? Umri? Uliwahi kugombea uongozi wa chama?"

"Nimesema hakuna, mwanangu. Nilimtania huyu, wakaona nimemtukana. Kama mtani wangu atasema hakuumia, basi."

Hidaya akanigeukia. "Na ule mstari mwekundu? Nao hukuumia?"

Nilitazama picha ya kipaimara ya mtoto wa Oswin ukutani. Oswin naye alinitazama, mdomo, si macho.

"Tutaongea barazani," nilisema.

Hidaya alinifuata nje nilipotoka, tukasimama kando ya ua la michongoma. Aliongea bila kunitazama. "Dada, mimi ni wakili wa Mzee Mbano, si wako, kwa hiyo nakwambia sheria tu, sikwambii la kufanya. Siri ya afya ya mfanyakazi ni mali yake. Mimi nikiihisi siwezi kuitaja mpaka aniruhusu, na nimemuuliza mara nne hataki. Shahidi naye halazimiki kuibeba barazani. Lakini shahidi akiulizwa kwa nini moyo wake ulipanda, akala kiapo, akadanganya, bangili ipo. Wataionyesha, na kila ulichokisema kitatupwa. Na ukisema uliumia bila kusema kwa nini, Mzee Mbano amekwisha."

"Na nikisema kwa nini?"

"Sheria inamkinga mtu aliyepungukiwa na kiungo akiwa kazini. Mwajiri lazima kwanza amfanyie marekebisho: amhamishe kituo, ampe kifaa. Kumfukuza hawezi. Angekuja kwangu mwaka juzi akasema mwenyewe, leo tusingekuwa hapa." Alipangusa miwani yake kwa ncha ya ushungi. "Wengi hawaji. Wanaijua aibu kabla hawajaijua sheria."

Nilirudi ndani kumuaga Oswin. Nikamwambia usoni, kwa midomo mipana, "Niruhusu."

"Nitaondoka kama mtu mwenye mdomo mchafu," alisema. "Mdomo mchafu ni mtu mzima. Kiziwi ni wa kuhurumiwa. Uliniapia, Sevelina."

Aliniita kwa jina langu. Katika miaka tisa hakuwahi.

*

Baraza lilikaa Njombe, kwenye ukumbi wenye mazulia yanayomeza sauti. Mwamuzi alikuwa Bi Zuhura Matimbwa, mama mtu mzima mwenye kalamu mbili sikioni. Oswin alikaa upande wa kushoto na koti lake la harusi, mgongo umenyooka. Kila aliyesema alimgeukia kwa makini na kutikisa kichwa. Nilikuwa mimi peke yangu niliyejua kwamba anatikisa kichwa bila kusikia, kama alivyofanya baba yake kwenye baraza ya nyumba.

Wakili wa kampuni alisimama. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Aliwasomea kuhusu mafundi wa kabila dogo waliowahi kuitwa majina ya dharau mpaka mmoja akajinyonga, na wakubwa wao wakasema ilikuwa ni utani. "Kila mtukanaji alikuwa mtani siku alipokamatwa," alisema. Nilimwelewa. Yule msimamizi wangu wa zamani naye alisema alikuwa anatutania.

Kisha akaniita. Nikala kiapo.

"Tarehe tisa Juni, Bi Kihwele. Maneno haya yalikuumiza?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na hapana yangu tayari, safi, imepigwa pasi. Nikatazama bangili mkononi.

"Yaliniumiza," nilisema.

Ukumbi ukaguna. Oswin akatikisa kichwa.

"Asante. Sina swali lingine."

"Mimi nina jibu lingine," nilisema. "Mheshimiwa Mwamuzi, naomba watu watoke."

Mwamuzi akaamuru watazamaji watoke. Wakabaki mawakili, Bwana Rweyongeza, karani na Oswin, ambaye ni haki yake kubaki. Kizimba cha shahidi kinamkabili mwamuzi. Oswin alikuwa nyuma ya bega langu la kushoto. Ningegeuza shingo kidogo tu angeniona mdomo, angesoma kila neno, angesimama na kunikataza, na ilikuwa haki yake kunikataza.

Sikugeuka.

Naandika hili waziwazi kwa kuwa mengine yote naweza kuyatetea. Nilitumia uziwi wake. Nilimsema akiwa chumbani humo humo, hatua tano kutoka kwangu, kwa sauti ya kawaida, naye ametulia akiniamini. Nilisema nilimwambia mama amefariki, naye hakusikia, akajibu kwa mazoea. Nilisema kilichoniuma si tusi, ni kwamba kwa nusu dakika niliamini hanijali. Nilisema sikio la kushoto lilikufa mwaka juzi na la kulia linafuata, na kwamba mimi nilimficha.

Nilipomaliza wote walikuwa wanamtazama. Yeye aliwatazama mmoja mmoja, akatabasamu kwa adabu.

Hidaya alisimama. "Naomba Kisikizi cha presi namba nne kitoe muda wa majibu. Si maneno. Muda tu, kati ya shahidi kusema na Mzee Mbano kujibu, miaka yote tisa."

Bwana Rweyongeza aliinamisha kichwa kabla takwimu hazijatoka, nami nikajua walikuwa nazo. Zilipanda kwenye kioo kikubwa kama njia ya mlima. Miaka sita ya mwanzo, nusu sekunde. Mwaka wa saba, sekunde moja. Mwaka wa tisa, sekunde mbili na zaidi. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya njano iliyowekwa miezi ishirini na sita nyuma, na maandishi: uwezekano wa kupungua kwa usikivu, mwajiri ajulishwe. Na chini yake: imesomwa.

"Mlijulishwa," alisema Mwamuzi.

Wakili wa kampuni alimgeukia Bwana Rweyongeza. Bwana Rweyongeza alisema gharama za kubadilisha kituo zilikuwa zinajadiliwa. Alisema taratibu sana, na nadhani alisikia aibu.

Hidaya alikuwa ameandika ushahidi wangu kwenye karatasi. Akaiweka mbele ya Oswin. Niliona macho yake yakienda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa koti, na kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kutikisa kichwa.

*

Mwamuzi alisoma uamuzi wake baada ya wiki tatu, na safari hii palikuwa na kioo cha maandishi mbele ya Oswin. Alisema kuumizwa na mwenzako si lazima kuwe kubaguliwa naye. Kampuni ilijua hali ya mfanyakazi wake, haikumfanyia marekebisho, ikavizia miaka miwili, na ikatumia sheria iliyotungwa kumlinda mnyonge ili kumtoa mnyonge. Kumsimamisha kulikuwa batili, na kumfukuza hakuruhusiwi. Arudishwe kazini, apewe kituo kinachomfaa na kifaa cha kusomea maneno. Nami shahidi nisiguswe kwa nilichosema, kwani kumwadhibu anayetoa ushahidi nako ni kosa.

Kisha akavua miwani. "Sheria ya Visikizi sikuitunga mimi," alisema. "Taa zitaendelea kuwaka. Atakayefikisha mistari hamsini kwa mwaka ataitwa kujieleza, awe mtani au asiwe. Na wewe Bi Kihwele, ulicheza na vidole vya watu wawili kwa miezi minne. Umeshinda, lakini hilo usilisahau."

Chama kilitangaza ushindi. Wiki hiyo wafanyakazi sita wa kiwanda chetu walikwenda kwa Hidaya wenyewe, kati yao mmoja na kifafa chake, mmoja na jicho moja, mmoja na ujauzito wa miezi mitatu. Walimsimulia kwa hiari mambo waliyokuwa wameyafunika. Nilifurahi. Ningependa kusema furaha hiyo ilinitosha.

Oswin aliwekwa stoo ya gundi, mahali pa kimya, karibu na dirisha. Walimpa miwani ya maandishi. Ukisema mbele yake, maneno yako yanapita kwenye kioo kama maandishi chini ya filamu. Sasa alipata kila kitu: umbea, matangazo, salamu za mafundi waliopita. Watu walimsifu kwamba amekuwa kijana tena.

Nami alinisalimia vizuri sana.

"Habari za asubuhi, Bi Kihwele."

"Nzuri, mzee. Za kwako?"

"Nashukuru Mungu. Gundi ndoo ngapi?"

"Nne."

"Tia sahihi hapa. Kazi njema."

Kila asubuhi, siku sita kwa wiki. Hakuninunia wala hakunisema kwa watu, na mkewe alinitumia mahindi mabichi kutoka shambani. Alinipa adabu yote anayopewa mtu baki. Kwenye presi nilikuwa na msichana mpya anayesema "tayari" kwa sauti nzuri, na kila anaposema natazama mikono yake kwanza. Taa yetu haiwaki. Mwisho wa mwezi Kisikizi hutoa taarifa, na taarifa ya Novemba ilisema uhusiano kati ya mfanyakazi Kihwele na mfanyakazi Mbano ni bora kabisa, hakuna tukio.

Niliisoma taarifa ile nikaikunja. Nikamwambia msichana azime presi. Nikaenda stoo saa nne asubuhi, watu wamejaa, taa ya Kisikizi ikiwa juu ya mlango.

Oswin aliinua kichwa. "Habari za saa hizi, Bi Kihwele. Gundi imekwisha?"

"Wewe mateka wangu," nilisema, "nani alikupa ruhusa ya kuninyamazia?"

Taa ikawaka nyekundu. Mafundi wakasimama walipokuwa. Oswin aliganda, macho yakisoma kioo cha miwani, na nikangoja. Nilingoja kama nilivyongoja kumwona akisoma ile karatasi ya Hidaya.

"Imeandika maneno yamezuiwa," alisema hatimaye. "Imeandika: maneno yamezuiwa kwa usalama wako." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesoma bei dukani. "Umesema nini?"

Nilikuwa nimefikiria kila jibu lake, hata kunifukuza, ila hili sikulifikiria: kwamba tumemnunulia masikio yasiyoweza kunisikia.

Oswin akavua ile miwani, akaiweka juu ya ndoo ya gundi, akasogea mpaka nikaona mvi za nyusi zake, na macho yake yakashuka mdomoni kwangu.

"Rudia," alisema. "Polepole."

Taa ilikuwa bado inawaka. Nikafungua mdomo wangu wote, nikarudia, neno kwa neno.